Wafumaji wa Rochdale, na Maana ya Kitu Rahisi

Kila mtu apenda kununua kwa bei rahisi. Mama mwenye kikapu sokoni huzunguka mafungu yote ya nyanya kabla hajafungua kitambaa chake cha fedha. Na kijana mwenye kuchagua koti katika rundo la mitumba hulipindua mara nne akilitazama mishono. Hayo si mabaya, bali ni busara. Lakini wazee wetu walituonya waliposema kwamba rahisi huvunja upishi. Yaani, kiko kitu rahisi kiwekacho fedha mfukoni mwa mnunuzi, na kiko kitu rahisi kiziondoacho fedha hizo pasipo yeye kujua. Je, twawezaje kuvipambanua viwili hivi? Nimeona yafaa kuwasimulia wasomaji habari ya watu maskini wa nchi ya mbali, waliojiuliza swali hili kwa sababu ya njaa, nao wakapata jibu ambalo limeenea duniani mwote.

Katika nchi ya Uingereza, upande wa kaskazini, karibu na mji mkubwa wa Manchester, uko mji uitwao Rochdale. Kwa muda mrefu kazi ya watu wa huko ilikuwa kufuma flaneli, nayo ni nguo laini ya sufu. Zamani kila mfumaji alikuwa na kitanda chake cha kufumia nyumbani mwake, akafanya kazi pamoja na mkewe na watoto. Kisha zikaja mashine zilizoendeshwa kwa nguvu za mvuke, na nguo zikafumwa upesi katika viwanda vikubwa. Ujira wa mfumaji wa mkono ukapungua mwaka hata mwaka. Tena, tangu mwaka 1815 ilikuwapo sheria ya kuzuia nafaka za nchi za nje zisiingie kwa bei ndogo, hivyo mkate ukawa ghali. Sheria hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1846. Miaka iliyoanzia 1840 Waingereza wenyewe waliikumbuka baadaye kwa jina la miaka ya njaa.

Lakini msomaji asidhani kwamba ujira mdogo ulikuwa ndio taabu yao pekee. Fedha ile chache, ilipokwisha kupatikana, ililiwa tena njiani kabla haijawa chakula. Na walaji wake walikuwa wanne.

Mlaji wa kwanza ni deni. Mfumaji alilipwa mwisho wa juma, lakini watoto walitaka kula kila siku. Basi alikwenda dukani akachukua unga, na mwenye duka akaandika katika daftari. Mtu mwenye deni hawezi kwenda duka jingine kutafuta bei nafuu, wala hawezi kulalamika akipunjwa katika mizani, kwa sababu kesho atakuja kukopa tena. Pengine mwenye kiwanda alikuwa ndiye mwenye duka pia, akawalipa wafanya kazi wake kwa bidhaa badala ya fedha. Na ingawa sheria ya mwaka 1831 ilikataza jambo hilo, halikukoma mara moja.

Mlaji wa pili ni udanganyifu. Mwaka 1820 mtaalamu mmoja wa kemia, Friedrich Accum, alitoa kitabu kilichoonyesha jinsi vyakula vya London vilivyochanganywa na vitu visivyo chakula. Baadaye, katika miaka ya 1851 mpaka 1854, daktari Arthur Hill Hassall alichukua darubini yake ya kutazamia vitu vidogo, akanunua vyakula madukani, akavipima kimoja kimoja. Aliona shabu katika mikate, iliyotiwa ili unga mbaya uonekane mweupe. Aliona majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakakaushwa na kutiwa rangi na kuuzwa mara ya pili. Sheria ya kwanza ya kuzuia mambo hayo ilitoka mwaka 1860, na iliyo bora zaidi mwaka 1875. Basi fikiri: yule mama aliyefurahi kupata mkate kwa bei ndogo alinunua shabu, na yule aliyepata chai ya rahisi alinunua takataka za jiko la mtu mwingine. Bei ilikuwa ndogo, lakini chakula kilikuwa kidogo zaidi ya bei.

Mlaji wa tatu ni rehani. Watu wengi walikuwa na vazi moja zuri la siku ya Jumapili. Jumatatu mama alilipeleka katika duka la rehani akapewa fedha kidogo za kununulia chakula. Jumamosi, ujira ulipopatikana, alilikomboa. Jumatatu akalirudisha tena. Sheria ya mwaka 1800 iliruhusu riba ya nusu peni kwa mwezi juu ya kila shilingi 2 na peni 6, nazo ni peni 30. Yaonekana ni kitu kidogo sana. Lakini mwezi wa kwanza ulihesabiwa mzima, hata vazi likikombolewa baada ya siku tano. Basi fanya hesabu: mwenye kuweka na kukomboa kila juma alilipa nusu peni mara 52, yaani peni 26 kwa mwaka, kwa mkopo wa peni 30. Alikaribia kulinunua vazi lake mwenyewe upya kila mwaka, na bado halikukaa sandukuni mwake.

Mlaji wa nne alikuwa ni sura ya upya. Mwaka 1813, katika mji wa Batley, jimbo la Yorkshire, jirani na nchi ya wafumaji hawa, mtu aitwaye Benjamin Law alivumbua njia ya kuchana matambara ya sufu yaliyochakaa, akachanganya nyuzi zake na sufu mpya, akafuma nguo. Kazi yenyewe ilikuwa ya akili, nayo iliwavika watu wengi ambao wasingepata nguo ya joto. Lakini nyuzi zilizokwisha kuchanwa ni fupi, na nguo yake haina nguvu kama ya sufu nzima. Hata jina la nguo hiyo, kwa lugha ya Kiingereza, likageuka kuwa neno la kutajia kitu cho chote kibovu chenye sura nzuri. Kwa hiyo mtu mwenye busara aliyenunua koti kuukuu la sufu nzima, lililovaliwa na mwingine kabla yake, mara nyingi alipata faida kuliko jirani yake aliyenunua koti jipya la matambara. Hapo twaona kwamba ukuukuu si hasara, wala upya si faida. Lililo kubwa ni uzi.

Sasa turudi Rochdale. Mwaka 1833 wafumaji kadhaa walijaribu kufungua duka lao wenyewe katika njia iitwayo Toad Lane. Nia yao ilikuwa njema, lakini waliwakopesha wanunuzi, nao ni ndugu na jirani zao, na ni nani awezaye kumdai ndugu yake mwenye njaa? Mwaka 1835 duka likafungwa. Wazee wetu walisema kweli kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga.

Wengine wangekata tamaa. Lakini mwaka 1844, baada ya kuomba nyongeza ya ujira bila kufanikiwa, wafumaji na mafundi wengine walikutana tena kushauriana. Miongoni mwao alikuwamo Charles Howarth na James Smithies. Waliona kwamba ingawa hawana nguvu ya kuongeza fedha iingiayo, wanayo nguvu juu ya fedha itokayo. Wakaagana kila mtu atoe peni 2 kwa juma, na baadaye peni 3. Pauni moja ilikuwa na peni 240. Hivyo mwenye kutoa peni 2 alihitaji majuma 120, yaani zaidi ya miaka miwili, apate kutimiza pauni moja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kilijazwa na watu wenye njaa. Mwishowe walipata pauni 28. Chama chao kiliandikwa kwa sheria tarehe 24 Oktoba 1844, nao watu wa kwanza hukumbukwa kuwa 28.

Walipanga chumba cha chini cha ghala, katika njia ile ile ya Toad Lane, kwa kodi ya pauni 10 kwa mwaka. Baada ya kutengeneza chumba, fedha iliyobaki kwa bidhaa ilikuwa kidogo mno. Walinunua siagi ratili 28, sukari ratili 56, unga wa ngano ratili 672, gunia moja la unga wa oti, nafaka wanayoipikia uji, na mishumaa michache. Vyote pamoja thamani yake pauni 16, shilingi 11 na peni 11. Jioni ya tarehe 21 Desemba 1844, usiku mrefu kupita mingine katika nchi ile, walifungua milango. Watoto wa viwandani walikusanyika nje wakawacheka na kuwazomea kwa udogo wa duka lao. Wenye maduka wa mji nao walidhani kwamba jambo hili litakwisha kama lile la kwanza.

Lakini safari hii walikuwa na kanuni, na kanuni hizo ndizo kiini cha habari hii. Kwanza, chakula kiwe safi, kisichochanganywa na kitu. Pili, mizani iwe kamili. Tatu, hapana kukopa wala kukopesha. Kila anunuaye alipe fedha mkononi. Nne, kila mwanachama awe na kura moja tu, hata kama hisa zake ni nyingi. Tano, na hii ndiyo iliyowashangaza watu, bidhaa ziuzwe kwa bei ile ile ya mjini, wala zisiuzwe kwa bei ya chini.

Msomaji atauliza: Ajabu gani hii? Watu maskini wamefungua duka ili wapate nafuu, kisha wauziane kwa bei ya wengine? Sikiliza sababu yake. Duka dogo likishusha bei, matajiri wenye maduka makubwa hushusha zaidi kwa miezi michache, na hilo dogo hufa. Kisha bei hupanda tena. Tena, nafuu ya nusu peni leo na nusu peni kesho hupotea mkononi. Mtu haioni, wala haiweki. Basi wao waliuza kwa bei ya mji, na kila robo ya mwaka wakafanya hesabu mbele ya wanachama wote. Faida iliyobaki, baada ya kulipa gharama na riba ya kiasi kwa wenye hisa, iligawiwa kwa wanunuzi, kila mtu kwa kadiri ya vitu alivyonunua. Faida haikuwa ya aliye na fedha nyingi, bali ya anayekula.

Tufanye mfano. Mama hununua vitu vya shilingi 10 kila juma. Kwa majuma 52 ni shilingi 520, yaani pauni 26. Gawio likiwa shilingi 1 na nusu kwa kila pauni, mwisho wa mwaka atapokea shilingi 39, karibu pauni 2. Hakujinyima chakula, wala hakuzunguka mji mzima akitafuta bei. Alikula, na katika kula kwake akaweka akiba. Na kama angependa, fedha hizo angeziacha katika chama ziwe hisa zake.

Mwanzo ulikuwa wa polepole. Mwaka 1845 wanachama walikuwa 74, na faida ya mwaka mzima ilikuwa pauni 22 tu. Mwaka 1848 walikuwa 140. Kisha mwaka 1849 benki ya akiba ya mji ule ilianguka kwa sababu ya wizi uliofanywa ndani yake, na maskini wengi walipoteza fedha walizozikusanya maisha yao yote. Watu wakatafuta mahali ambapo hesabu husomwa mbele ya macho yao, na katika mwaka ule wanachama wa duka la Toad Lane wakafika 390. Mwaka uliofuata wakawa 600. Mwaka 1860 walikuwa 3,450, na bidhaa walizouza mwaka huo zilikuwa za pauni 152,063. Wale watoto waliocheka mlangoni walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Mambo mawili yasisahauliwe. La kwanza, wanawake walipokewa kuwa wanachama. Katika siku zile sheria ya Uingereza ilihesabu mali ya mke kuwa ni mali ya mumewe, na haikugeuzwa ila kwa sheria za mwaka 1870 na 1882. Kumbe katika duka la wafumaji, mama aliyejua thamani ya kila ratili ya unga alikuwa na jina lake katika kitabu. La pili, walitenga sehemu ya faida kwa elimu, wakaweka chumba cha kusomea na vitabu. Walijua kwamba mtu asiyejua hesabu hawezi kuilinda akiba yake.

Lakini mwandishi wa habari za kale asifiche upungufu. Kanuni ya fedha mkononi iliwafaa wale waliopata ujira wa kila juma, hata kama ni mdogo. Yule aliyekuwa maskini kabisa, asiye na peni Jumatatu, hakuweza kuingia. Aliendelea na daftari la deni na duka la rehani. Dawa ile ilikuwa dawa ya wengi, haikuwa dawa ya wote.

Mfano wa Rochdale ulienea. Mwaka 1863 vyama vya kaskazini ya Uingereza viliungana kununua bidhaa kwa jumla, na mwaka 1895 vyama vya nchi nyingi vilifanya umoja wao wa dunia mjini London. Mwaka 1931 nyumba ile ya Toad Lane ilifanywa makumbusho. Huku kwetu, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitoka mwaka 1932, na mwaka 1933 vyama vya Kilimanjaro vikaungana kuwa KNCU. Lakini hao waliungana ili wauze mazao yao. Ushirika wa kununua, yaani wa duka, haukupata bahati hiyo. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilifanya Operesheni Maduka, ikataka maduka ya watu binafsi yafungwe na mahali pake pashikwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Bidhaa ziliadimika mahali pengi, na jambo hilo halikudumu.

Kwa nini wafumaji wenye pauni 28 walifaulu, na serikali nzima haikufaulu? Naona sababu ni hii: duka la Rochdale lilizaliwa na peni 2 za watu waliojuana, wakasomeana hesabu, wakavumilia kuchekwa. Duka la mwaka 1976 lilizaliwa na amri. Mtu huchunga kwa macho mawili kile alichokichangia mwenyewe, lakini kile alichopewa kwa amri hukichunga kwa jicho moja, na pengine kwa lisilokuwapo.

Sasa msomaji, tuyalete mambo haya nyumbani. Mama anunuaye mchele kwa kibaba kila siku hulipa zaidi, kwa mwezi, kuliko anunuaye gunia. Yeye alijua hilo kabla hujamwambia. Lakini fedha ya gunia hana. Je, jirani zake wanne wana haja ile ile? Basi wakiweka fedha kidogo kidogo kwa majuma machache, wataweza kununua gunia, wakaligawa kwa mizani mbele ya wote. Hivyo ndivyo walivyoanza watu wa Toad Lane, wala hapakuwa na siri nyingine. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na uendapo sokoni au penye mitumba, chukua pamoja nawe maswali matatu kutoka kwa wafumaji. Je, kitu hiki ni kizima, au ni sura tu? Je, nalipa kwa fedha yangu, au kwa fedha ya kesho? Na ile nafuu niliyoipata leo nitaiweka wapi? Mtu akipata koti zuri kwa nusu ya bei, kisha nusu iliyobaki ikatumika njiani kwa kitu asichokihitaji, hakuweka akiba yo yote. Alibadili mahali pa kupotezea fedha. Wafumaji walilijua jambo hili, ndiyo sababu hawakuishusha bei, bali waliikusanya ile nafuu mpaka ikawa kitu cha kuonekana.

Kitu rahisi, basi, si kile chenye bei ndogo siku ya kununuliwa. Ni kile ambacho, mwaka ukiisha, mtu hulifungua sanduku lake akakuta bado kimo, na fedha kidogo kando yake.